Taa Zilizovunja Sabato

Taa zenyewe zilikuwa kumi na mbili tu, ndogo ndogo, nyekundu na kijani na manjano, na kama Nyamweya angemsikiliza mkewe zisingefika nyumbani kabisa. Lakini Nyamweya alikuwa ameziona kwenye gari la mtu fulani mjini Kisii, zimezunguka dirisha lote la nyuma, zinawaka na kuzima, na moyo wake haukutulia tena. Alhamisi moja ya mwaka wa sabini na tatu akaipeleka gari yake ya Pijo kwa Shueib, mwana wa mzee Osman, fundi wa umeme wa magari na redio mwenye kibanda karibu na msikiti. Jioni alirudi nayo Kebirigo, ikaingia langoni ikikonyeza.

Drusilla alitoka jikoni na mwiko mkononi, akaitazama kwa muda.

"Umegeuza gari kuwa baa," alisema.

"Haya ni mapambo, Mama Walter."

"Hata baa inapambwa."

"Swichi ni hii hapa chini ya usukani. Nikitaka inawaka, nikitaka inazima. Mimi ndio mkubwa wake."

Ukubwa huo ulidumu siku moja.

Mtu mwingine angeweka taa kumi na mbili au mia mbili na dunia isijali. Shida ya Nyamweya ilikuwa kwamba Jumamosi hiyo hiyo asubuhi kanisa lao la Waadventista lilikuwa lipige kura ya mzee mpya wa kanisa, na Mchungaji Ongeri alikuwa anakuja kumwekea mikono atakayechaguliwa. Kamati ilikuwa imeleta jina moja tu, la Nyamweya. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Machogu, alikuwa amelikubali kwa shingo upande, akasema mbele ya wote kwamba ndugu Nyamweya ni mtu mzuri ila anapenda vitu vya kung'aa. Machogu huyu alikuwa mwanamume mrefu wa tai nyeusi, na aliwahi kumrudisha bibi harusi kwao akashone mikono ya gauni iwe mirefu. Akisema kitu ni dhambi, watu hawakubishana naye. Walikiacha, au walijificha.

*

Ijumaa hiyo Sabato ilifunguliwa kwa Nyamweya, kwa kuwa boma lake linatazamana na kanisa, lango kwa mlango, barabara ya murram katikati. Jua likizama watu wa huku huipokea Sabato kwa nyimbo na sala, na tangu hapo hakuna jembe, hakuna soko, hakuna spana, mpaka jua la Jumamosi lizame nalo.

Machogu alikuwa wa kwanza kufika, mapema mno hata Drusilla hakuwa amemaliza kuchemsha mchaichai. Majani ya chai hayakuingia jikoni mwake. Waadventista wa kilima kile walipanda chai, wakaichuma kwa mvua na kwa baridi, wakaibeba mgongoni hadi kituo cha kupimia, lakini kuinywa ilikuwa mwiko, kwa sababu inalevya mishipa. Ndivyo walivyofundishwa, na ndivyo Machogu alivyokuwa akiwakumbusha kila robo mwaka.

"Mgongo unanisumbua," Machogu alimwambia Nyamweya. "Wacha nikae kidogo kwa gari yako, kile kiti cha nyuma. Jana nilipopata lifti kutoka Kisii nilikiona ni laini."

Nyamweya alifurahi sana. Akamfungulia mlango yeye mwenyewe, akaufunga polepole kama anamfungia mchungaji, akaenda kupanga viti. Hazikupita dakika tano mashemasi wakaingia langoni, na Machogu akatoka garini haraka, akijipangusa suruali, akisema kweli kiti ni laini.

Waliimba. Wakapiga magoti. Machogu akashika sala, na sala za Machogu zilijulikana kwa urefu. Ilikuwa imefika kwa wagonjwa wa Sironga wakati ukuta wa sebule ulipogeuka mwekundu. Kisha ukawa kijani. Kisha manjano. Watu kumi na watano walikuwa wamefumba macho, na wote kumi na watano waliona.

"Amina," alisema Machogu, kabla ya kufika kwa viongozi wa serikali, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Nyamweya alikuwa ameshafika mlangoni.

"Unaenda wapi, ndugu?"

"Kuzima, Mzee. Ni swichi tu."

Alitoka, wakamfuata wote. Akaingiza mkono chini ya usukani, akabonyeza. Taa ziliendelea. Akabonyeza tena, na tena, na kila mtu akasikia swichi ikilia ka, ka, ka. Dirisha la nyuma la Pijo liliwaka na kuzima kwa raha zake, likaipaka rangi migomba, likapaka ukuta mweupe wa kanisa kule ng'ambo ya barabara.

"Swichi haina kosa," Nyamweya alisema. "Nitafungua boneti nitoe waya ya betri. Ni kukaza na kulegeza tu, nusu dakika..."

"Kwa spana?" Machogu aliuliza.

"Sasa kwa nini kingine, Mzee?"

"Jua limezama. Kushika spana ni kazi." Machogu aliusogelea mlango wa nyuma wa gari, akasimama akiupa mgongo. "Na nasema hivi. Mtu yeyote asifungue gari hii. Asiguse boneti, asiguse viti. Hasa viti. Kesho jua likizama nitakuja mimi mwenyewe tuangalie pamoja."

"Lakini kesho watu watakuwa kanisani hapo, Mzee, kura..."

"Wataona walichoona," Machogu alisema, akavaa kofia yake.

Mmoja wa mashemasi alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Wakaenda zao wakigeuka nyuma. Nyamweya alisikia mtu akiuliza kule barabarani kama bia pia ipo, na wengine wakicheka, na masikio yakamwaka moto.

Alileta shuka akaifunika Pijo. Shuka ikawa nyekundu, ikawa kijani. Akaenda ndani akarudi na kitambaa cha meza cha Drusilla, kile chenye maua ya kufumwa, akakitandika juu ya shuka. Sasa maua nayo yakawa yanawaka. Drusilla alikuwa amesimama pale na taa ya mkono, akijitahidi, wallahi alijitahidi, lakini alipoona maua yanakonyeza alicheka mpaka akaketi chini kwenye nyasi.

"Yaye! Baba Walter! Sasa imekuwa arusi!"

Nyamweya hakucheka. Aliketi kwenye ngazi, akafunika uso kwa mikono miwili. Drusilla akaacha kucheka, akaja akaketi karibu naye.

"Unajua baba yangu alikuwa anakaa wapi kanisani?" Nyamweya aliuliza.

"Sikumkuta."

"Benchi la mwisho, karibu na mlango. Walimfuta kwenye kitabu kwa sababu ya pombe ya arusi ya dada yake, na hakurudishwa. Miaka kumi na tisa alikuja kila Sabato, akakaa hapo, na mvua ikipiga inampiga yeye kwanza. Na mimi nilikaa naye. Kesho nilitaka nikae mbele, Drusilla. Basi. Nilitaka tu jina lile walilolifuta lisomwe mbele."

Drusilla alikuwa ameishi na mtu huyu miaka ishirini na mbili bila kusikia habari ya benchi lile. Alimwonea huruma. Pia alikasirika, na hasira yake haikuwa kwa taa. Alikuwa anawaza mgongo wa Machogu kwenye ule mlango, na vile alivyosema hasa viti.

*

Asubuhi betri ilikuwa bado hai. Betri ya siku nyingine ingekufa kwa kusahau redio, lakini ya Sabato ile ilijikaza. Taa zilikuwa zimefifia kidogo tu, na kengele ya kwanza ilikuwa karibu.

Drusilla alivaa nguo zake za kanisani, akaenda akasimama langoni. Alijua kila Jumamosi saa moja na nusu Shueib hupita na pikipiki akielekea Itumbe, kutengeneza redio za watu na kuuza mawe ya tochi. Alipomwona akapunga leso.

"Shikamoo mama," Shueib alisema, akizima pikipiki. Kisha akaona kile kitu chini ya kitambaa cha maua. "Lahaula! Ni gari yangu hiyo?"

"Marahaba. Sikuiti kazini. Ukisikia nataja kazi, kataa. Mimi nakusimulia tu."

"Nisimulie basi."

"Zimejiwasha zenyewe jana na hazizimi."

"Swichi?"

"Inalia tu."

Shueib akakuna ndevu. "Niingie niangalie, dakika mbili."

"Usiingie! Simama hapo hapo!" Drusilla alinyoosha mikono yote miwili. "Amri inakataza kazi hata kwa mgeni, akiwa ndani ya lango. Ukivuka huo mti wa lango, Baba Walter amekuwa mwenye dhambi."

Shueib aliutazama mti wa lango, akaitazama Pijo, akaitazama barabara. Mteremko kutoka pale gari lilipokuwa mpaka barabarani ulikuwa wazi kwa mtu yeyote mwenye macho.

"Na nje ya lango, mama?"

"Nje ya lango ni barabara ya serikali," Drusilla alisema taratibu. "Serikali haina Sabato."

Walipomwambia Nyamweya alikataa mara mbili. Kusukuma gari ni kazi, alisema, tena kazi nzito.

"Nani amesema kusukuma? Jana ulipoegesha uliweka nini?"

"Breki ya mkono."

"Basi hiyo breki imefanya kazi usiku kucha, Sabato nzima, inashikilia gari, maskini. Iachilie ipumzike."

Nyamweya alimkazia macho mkewe. Kwa mara ya kwanza tangu jana mdomo ulimcheza kidogo. Akaondoa kitambaa cha maua na shuka, akavikunja vizuri, akaingia garini, akaipumzisha breki.

Pijo ilitoka langoni polepole kwa heshima, ikavuka barabara ikikonyeza, ikaenda ikasimama kwenye ukingo wa nyasi, hatua sita kutoka mlango wa kanisa. Hapo haikuwa imekusudiwa kufika. Wanawake wa Shule ya Sabato walikuwa wamesimama mlangoni na vitabu vyao, mashemasi walikuwa wamesimama, na katikati yao, akiwa na Mchungaji Ongeri ambaye ndio kwanza ameshuka kwenye gari la kukodi, alikuwa Mzee Machogu.

"Nini hii?" alisema Machogu.

"Gari imepumzika, Mzee," Drusilla alijibu.

Shueib hakungoja mjadala. Alikuwa ameshalala chali chini ya usukani, miguu nje.

"Nimetoa waya za swichi zote mbili," alipaza sauti, maana alikuwa fundi wa kusema anachofanya. "Bado zinawaka. Kwa hivyo swichi haina habari. Tazameni: umeme unatoka kwa betri moja kwa moja unafika kwa taa. Swichi nimeiweka upande wa kurudi, pale waya inagusa bodi ya gari. Isipogusa bodi, taa zinazima. Sasa inagusa bodi mahali pengine, bila ruhusa yangu."

"Huyu ni nani anayefanya kazi?" Mchungaji aliuliza.

"Ni mgeni aliye nje ya malango, Mchungaji," alisema Nyamweya, na jasho lilikuwa linamtoka.

Mchungaji alifikiri. Akakohoa. Alikuwa kijana, na jambo hilo halikuwa katika masomo yake.

Shueib alianza kuufuata waya kwa vidole, kutoka mbele, chini ya zulia, hadi kwenye kiti cha nyuma. Alipofika hapo alitikisa gari kwa bega. Taa zikazima zote, zikawaka tena.

"Ahaa! Ni hapa. Kuna kitu kinaikata waya hapa chini ya kiti."

"Acha!" Machogu alipiga kelele, na kila mtu akageuka. "Acha kiti! Nilisema kiti kisiguswe! Ni... ni Sabato!"

Lakini Shueib alikuwa ameinua kiti kwa mkono mmoja na kuingiza mwingine hadi kwapani. Akavuta. Kitu kikakwaruza bati, taa kumi na mbili zikazimika, na mkono wa Shueib ukatoka na kopo.

Lilikuwa kopo la kakao, kubwa, lenye kifuniko cha kutu upande mmoja, na ukingo wake wa chini ulikuwa umeachana ukawa mkali. Shueib alionyesha pale ukingo ulipochuna mpira wa waya na kuubana kwenye chuma. Kisha, kwa kuwa kifuniko kilikuwa kimelegea, kikafunguka. Harufu ikatoka.

Mnaijua harufu ya majani ya chai mazuri, yale ambayo hayaonekani madukani. Wanawake wa Shule ya Sabato waliijua, maana waliyachuma majani yake kila siku yakiwa mabichi, ila hivi makavu na meusi walikuwa wakiyanusa kwa majirani tu. Shemasi mmoja alivuta pumzi kwa nguvu, akajifanya anapiga chafya.

Nyamweya alimtazama mkewe, akafa moyo: kumbe Drusilla! Drusilla naye alimtazama mumewe: kumbe huyu! Na kwa kuwa kila mmoja aliona mshangao wa mwenzake ni wa kweli, wote wawili wakageuka pamoja kumtazama mtu wa tatu. Uso wa Machogu ulikuwa umekuwa na rangi ya majivu, na tai nyeusi ilikuwa inapanda na kushuka.

Mambo yalikuwa hivi. Alhamisi Machogu alikuwa amelinunua kopo hilo Kisii kwa mtu anayejua kunyamaza, akalificha ndani ya koti. Njiani Nyamweya akawapa lifti wamama wawili wa kanisa, na Machogu, kwa hofu, akalisukuma chini ya kiti. Kushuka nalo hakuweza. Ijumaa ndipo mgongo ulipomuuma. Alikuwa amelivuta nusu wakati mashemasi walipotokea, akalirudisha kwa teke la kisigino. Teke hilo ndilo lililowasha taa, ila mpaka giza liingie hakuna aliyeziona.

Mchungaji Ongeri alinyoosha kidole. "Ni la nani hilo?"

Nyamweya alikuwa na jibu mdomoni. Neno moja lingetosha, na Machogu angeenda kukaa benchi la mwisho karibu na mlango, na mvua ingemkuta hapo. Alifungua mdomo. Akaliona benchi lile. Akaufunga.

Shueib alikuwa amezitazama nyuso hizo tatu, moja baada ya nyingine. Fundi amezoea kusoma mahali umeme unapovuja.

"Lahaula, samahani mchungaji," alisema, akalifunga kopo na kulikumbatia kifuani. "Ni langu. Nililisahau nikifunga hizi taa. Mke wangu Mariam amenigombeza siku mbili. Kumbe kosa lote ni langu, mzee wangu hana kosa hata kidogo."

Watu wote wakapumua.

"Basi Bwana asifiwe," alisema Machogu, kwa sauti nyembamba.

Kura ilipigwa saa nne. Mwenyekiti wa kamati alisimama kulipendekeza jina, na alilipendekeza kwa muda mrefu. Alisema ndugu Nyamweya ni mtu wa busara, mtu anayejua wakati wa kufungua mdomo na wakati wa kuufunga. Kuhusu taa alisema kila nyumba ina mitihani yake. Mikono yote ilipanda. Mchungaji alipokuwa akisoma jina, Nyamweya mwana wa baba yake, machozi yalimtoka naye asiyafute, na Drusilla kule upande wa wanawake alilia bila kujificha. Kisha Nyamweya akaenda mbele, na Machogu akasogea kwenye benchi, akampa nafasi.

*

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumatano, Mzee wa kanisa Nyamweya alishuka Kisii na tochi. Tochi haikuwa na ubaya wowote. Alikuwa amepanda chai miaka kumi na mmoja bila kuionja, na tangu asubuhi ile pale mlangoni mwa kanisa harufu ilikuwa imekataa kumtoka puani. Alijiambia anaenda tu kumshukuru Shueib. Aliegesha Pijo mbali kidogo, taa zimezimwa, akapita nyuma ya msikiti.

Kwenye benchi la kibanda cha Shueib, akiwa ameelekeza uso ukutani, kofia magotini, alikuwa ameketi mtu mrefu wa tai nyeusi na kikombe cha chai ya maziwa kinachotoa mvuke. Kando yake palikuwa na tochi.

Machogu aliinua macho.

"Tochi imeharibika," Machogu alisema.

"Hata yangu," alisema Nyamweya.

Shueib aliinama juu ya redio aliyokuwa akiitengeneza, mabega yakimtikisika. Mariam, mkewe, akatokea nyuma ya pazia na birika, akamwona mgeni, akatabasamu kwa ukarimu wote.

"Karibu mzee wa Kebirigo! Na ile redio yenu, siku hizi haijambo?"

"Redio gani?"

"Si ile mama anayoleta kila Jumatatu? Fundi ameifungua mara mbili, hajaona ubaya. Mama anasema aendelee kutafuta."

Nyamweya alimwaza Drusilla, na Jumatatu, na jinsi anavyorudi kutoka sokoni amechangamka. Kisha akaiweka tochi yake karibu na ile nyingine.

Machogu akasogea kwenye benchi.